Saba Nukta Mbili

26 Februari

Muuguzi ameniambia niwe naandika ninakwenda haja ndogo mara ngapi kwa siku. Nimenunua daftari. Leo nimekwenda mara nyingi, na baadhi ni za woga tu, sijui kama nazo zinaandikwa.

Maadamu daftari ni langu na kalamu ni yangu, nitaandika na mengine. Mtu wa kumwambia sina.

Mambo yalianza kwa utani. Watu wa afya walikuja sokoni na hema lao, wanapima presha na sukari bure. Gundi, fundi viatu ninayegawana naye kibaraza, akanicheka kwamba nashinda nikinoa visu vya watu lakini sindano naikimbia. Nikaenda ili nimzibe mdomo. Presha safi, sukari safi. Wakaniuliza umri, nikasema hamsini na saba. Wakasema basi tukupime na tezi dume, ni damu kidogo tu. Nikanyoosha mkono huku nikimkonyeza Gundi aliyesimama nje. Nilitoka pale nikijiona kijana.

Leo nimefuata majibu zahanati. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisoma, akarudia kusoma, akaniambia, "Kaa, mzee." Na mimi nilikuwa nimeshakaa.

"Kipimo chako kiko juu."

"Juu kiasi gani?"

"Saba nukta mbili. Huwa tunataka kisizidi nne."

"Ni saratani?"

"Mzee, sijasema hivyo. Kipimo hiki saratani hakiijui. Kinachojua ni kwamba tezi imesumbuliwa. Nani kaisumbua, hakisemi. Inaweza kuwa umri, inakua yenyewe. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo. Na inaweza kuwa hiyo uliyoitaja. Leo utatupa mkojo tuupime, na damu tutarudia baada ya wiki sita."

Akanipa masharti. Siku mbili kabla ya kutoa damu nisikutane na mke wangu, na nisipande baiskeli, maana vyote viwili huitibua tezi.

"Baiskeli sina," nikamwambia. "Kazini naenda kwa miguu."

"Basi umebakiwa na sharti moja," akasema, akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado niko kwenye saba.

27 Februari

Mkojo hauna maambukizi. Jambo ambalo siku nyingine ningelishukuru, leo limenikata maini. Mtuhumiwa mmoja kafutwa, wamebaki wawili.

1 Machi

Mvua inanukia. Msimu wangu ndio huu. Kila mwenye shamba amekumbuka jembe lake, panga lake, shoka lake, na wote wamekumbuka siku moja. Foleni imefika kwa muuza mkaa.

Mashine yangu naijua kuliko ninavyoujua mwili wangu. Fremu ya chuma niliisimika mwenyewe kwa saruji hapo kibarazani, ina kiti, pedeli, mkanda na jiwe. Napanda asubuhi, nashuka mchana kula, napanda tena hadi giza. Miguu inazungusha, mikono inashika chuma, cheche zinaruka. Msimu huu nikishuka jioni natembea kama niliyevuliwa makalio. Gundi huniuliza nimeyaweka rehani kwa nani.

Mashine haiendi popote na mimi siendi popote. Watu wanakuja, wanaondoka na vyuma vyao vikiwa vikali, mimi nabaki hapo na namba yangu.

3 Machi

Leo ilibidi nimwambie mke wangu. Sikumwambia.

Niandike sababu, nisije nikajidanganya baadaye. Baba mkwe alikufa kwa ugonjwa huu huu. Mke wangu ndiye aliyemuuguza, katika chumba hiki ninachoandikia. Alikuwa akimwaga mkojo wa baba yake kutoka kwenye mfuko, akimfuta, akimgeuza, na mzee yule aliyekuwa na sauti ya kutetemesha mabati alikuwa akilia kwa aibu. Tulipotoka makaburini aliniambia neno moja tu: "Sitaki tena kuona mwanaume anakwenda hivi." Mimi nikamjibu, "Hutaona."

Nitamwambiaje kwamba pengine ataona?

6 Machi

Mvua ya kwanza. Bati linavuja pale pale pa mwaka jana.

9 Machi

Nimefikiri sana kuhusu lile sharti. Kama siku mbili za kukaa mbali na mke zinasaidia kipimo kiwe cha kweli, je, wiki sita? Si zitakisafisha kabisa? Chuma chenye kutu hukipitishi kwenye jiwe mara mbili ukasema tayari. Nimeamua tezi hii nitaipumzisha mpaka siku ya damu, ikatoe majibu yake ikiwa imetulia.

Nakiri pia kwamba hamu yenyewe haipo. Namba imeila.

Nimehamishia mto wangu sebuleni. Nimemwambia kitanda kinaniumiza mgongo.

"Kitanda hiki?" akasema. "Umekilalia miaka ishirini na kitu, hakijakuuma."

"Msimu huu kazi ni nyingi."

Alinitazama, akarudi kuchana nywele za mteja wake. Yeye ni msusi, anasukia hapo hapo sebuleni. Kwa hiyo nyumba yetu mchana ni ya wanawake, na sasa mvua inaponyesha na mimi nikakosa pa kwenda, nakaa chumbani nikiwasikia wakiwazungumzia waume zao. Zamani niliona raha kuwasikiliza.

14 Machi

Majembe. Majembe. Majembe.

19 Machi

Gundi ameona. Hakosi kuona, kazi yake ni kutazama miguu ya watu siku nzima. "Wewe una nini? Unatia sura ya mtu aliyeuziwa kiatu cha mguu mmoja."

"Nimechoka."

"Zamani ukichoka ulikuwa unapiga mluzi. Sasa hupigi."

Nikamwuliza, kimasihara, kama amewahi kusikia mtu aliyepona tezi dume. Akanitajia watu, na kila mmoja aliishia vibaya. Mmoja alikatwa akawa anavaa nepi. Mmoja alikatwa, mkewe akamkimbia. Mmoja hakukatwa, akafa. Anapenda kusimulia, Gundi, na anapenda hadithi ziwe na mwisho. "Kwani wewe una nini?" akauliza tena mwishoni.

"Nimesikia redioni tu."

Kutoka hapo sikumwuliza mtu kitu. Kila ninayemtazama naona ana mtu wake aliyekufa.

25 Machi

Mvua tangu juzi. Mto wangu una ukungu.

28 Machi

Mama mwenye mgahawa wa kona huleta visu vyake kila wiki, ni mteja wangu wa miaka. Leo kwa sababu ya mvua alikaa kibarazani akisubiri, tukacheka kuhusu mpishi wake aliyejikata kidole akaanza kukitafuta kwenye mchuzi wakati kiko mkononi. Nilicheka kweli, kicheko cha kwanza tangu Februari. Nilipoinua uso nikamwona mke wangu ng'ambo ya barabara, mwavuli mkononi, na chombo cha chakula changu mkono wa pili.

Alivuka, akaniwekea chakula juu ya meza ya Gundi, akaondoka bila salamu. Mama mgahawa akaniuliza kuna nini. Ningejua pa kuanzia ningemwambia.

29 Machi

"Nikuulize kitu," mke wangu amesema asubuhi, anakunja shuka lake. "Unijibu kwa macho makavu."

"Uliza."

"Ni yule wa visu?"

Moyo ulinipiga. Si kwa hatia, ila kwa kuwa nililiona tundu la kutokea. Nikisema hapana, atauliza basi ni nini. Nikinyamaza, atakuwa na jibu lake, na jibu hilo halina mfuko wa mkojo ndani yake.

Nikanyamaza.

Nimeona afadhali anione mhuni kuliko anione mgonjwa. Mhuni huchukiwa, na mtu anayechukiwa bado ana miguu yake. Mgonjwa anageuzwa ubavu.

2 Aprili

Hanisemeshi. Chakula kiko mezani, maji ya kuoga yako bafuni, nguo zimepigwa pasi. Kila kitu kipo isipokuwa yeye.

5 Aprili

Jana alitoka asubuhi akiwa amevaa vizuri, akafungia nje wateja wake wa kusuka. Alirudi mchana macho mekundu. Nikamwuliza alikuwa wapi, akasema, "Na mimi nina mambo yangu." Sikuwa na haki ya kuuliza mara ya pili.

7 Aprili

Kikao. Dada yake mkubwa amekuja, shemeji yangu, mama ambaye akiingia nyumbani hata paka hukaa vizuri. Tulikaa watatu sebuleni, mvua inapiga bati mpaka ikabidi tuzungumze kwa kupaza, na jirani zetu wote nadhani wamefaidi.

"Shemeji," akasema, "mimi sikuja kugombana. Mdogo wangu ananiambia umehama chumba. Ananiambia hujamgusa tangu mvua hazijaanza. Mwanaume wa afya yako halali njaa, anakula mahali. Niambie unakula wapi."

"Sili popote, shemeji."

"Basi una nini?"

"Sina kitu."

"Huna mwanamke, huna kitu, na kitandani hupandi. Sisi tuelewe nini?"

Mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa, anatoa nywele bandia zilizonasa kwenye kitana chake, moja moja. Nilitaka kumwambia. Neno lilifika hapa kooni. Halafu nikaona ile kona aliyokuwa akikaa baba yake na mto mgongoni, na neno likarudi lilikotoka.

"Nipeni muda," nikasema.

"Muda wa kufanya nini?" akauliza mke wangu. Ndilo neno pekee alilosema kwenye kikao kizima.

9 Aprili

Nimetoa damu leo, saa ya mapumziko. Nilishuka kwenye mashine, nikanawa mikono, nikaenda, nikarudi, nikapanda tena. Muuguzi aliniuliza, "Sharti umelishika?" Nikamwambia nimelishika zaidi ya alivyonituma. Akanisifu.

10 Aprili

Mara nyingi. Sihesabu tena.

14 Aprili

Saba nukta nne.

Nimekaa naitazama nikiwa nimeiandika. Imepanda. Baada ya yote yale, imepanda.

Safari hii nilimwona daktari mwenyewe, binti mdogo ambaye kwa elimu angeweza kunizaa mimi, na kwa miaka mimi ningeweza kumzaa yeye. Alinipima kwa kidole. Sitaliandika hilo, ila kwamba alinishika bega kwanza akasema, "Baba, najua, vumilia," na kwamba nilitazama kalenda ya ukutani kwa bidii ambayo hata shuleni sikuwa nayo. Akasema tezi ni kubwa kuliko inavyotakiwa lakini ni laini, hakugusa uvimbe mgumu.

"Hilo ni zuri?"

"Ni zuri, lakini halitoshi. Namba imekaa juu mara mbili, na vitu vya kawaida vinavyoipandisha unasema huna. Nakuandikia hospitali kubwa. Watachukua vinyama vidogo vya tezi kwa sindano, wavitazame. Hapo tutajua."

Nikamwuliza kama vinaumiza, hivyo vinyama. Akasema wanatia ganzi. Nikamwuliza kama mtu anaweza kurudi kazini kesho yake. Akasema nipumzike siku kadhaa, pengine nitaona damu kwenye mkojo, nisishtuke. Alijibu yote bila haraka, lakini nilipotoka kichwani lilikuwa limebaki lile la damu tu.

Tarehe ni mwishoni mwa Mei. Mpaka mwishoni mwa Mei mimi ni mtu gani? Si mgonjwa, si mzima. Nimekwama hapo katikati, na mvua hainyamazi.

18 Aprili

Mke wangu amehamia kwa dada yake. Aliondoka na kitana, mafuta ya nywele, nguo chache na ile redio. Mlangoni alisimama. "Ungeniambia tu," akasema. "Ningelia, ningetukana, ningekaa. Lakini umenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu."

Mimi nilikuwa nimeshika kizingiti. Nilimtazama mpaka akakata kona.

Nimekipata nilichokitaka. Hataniona nikigeuzwa ubavu. Nyumba ni vyumba viwili lakini leo sijui nikae kipi.

20 Aprili

Nimelia mchana kweupe, juu ya mashine, nikisingizia cheche. Gundi alifunga kazi mapema, akaniachia sehemu ya mkate wake.

23 Aprili

Nimemwambia.

Nilikwenda kwa shemeji alasiri, mvua ikininyeshea tangu sokoni. Shemeji akanifungulia, akanitazama nilivyolowa, akasema, "Kama umekuja kuomba muda, umekwisha." Nikamwambia nimekuja kusema. Akapisha. Mke wangu alikuwa jikoni anachambua mchele. Hakuinuka.

Nikasema nikiwa nimesimama, maji yananidondoka kwenye sakafu ya watu. Nilianzia kwenye hema la sokoni nikaishia kwenye vinyama. Nikamwambia kuhusu baba yake na maneno ya makaburini. Nikamwambia hakuna mwanamke, hajawahi kuwapo, mama mgahawa ni visu tu.

Mkono wake ulikuwa ndani ya mchele, hauchambui.

"Kwa hiyo ulihama kitanda kwa sababu ya kipimo."

"Muuguzi alisema siku mbili. Mimi nikazidisha, ili kiwe safi."

"Ukazidisha." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Bila kuniambia. Ukaona mimi nikae gizani, tezi ipumzike."

"Niliogopa."

"Alikwambia nini kingine? Sema yote, kama alivyosema yeye."

"Kwamba nisikutane na wewe, na nisipande baiskeli. Baiskeli sina, kwa hiyo..."

Mke wangu akainua uso.

"Huna nini?"

"Baiskeli."

"Na kile unachokikalia kutwa nzima ni nini?"

"Mashine."

"Ina pedeli?"

"Ina pedeli."

"Ina kiti? Kile chembamba, chenye pua, kinachokufanya utembee kama bata ukirudi? Uliinunua kwa nani ile fremu?"

Niliinunua kwa fundi baiskeli. Aling'oa magurudumu mbele ya macho yangu, miaka mingi iliyopita. Tangu siku ile nimeiita mashine, watu wote wameiita mashine, na mimi nilipoulizwa kuhusu baiskeli nikaona barabara, kengele, mtu anakwenda mahali. Sikujiona mimi.

Shemeji, aliyekuwa mlangoni akijifanya anapanga viatu, akapasuka kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Mke wangu hakucheka. Machozi yalimtoka na alinirushia mchele wa mkononi, ukanibandika usoni na kifuani kwa vile nilivyolowa.

"Msimu mzima," akasema. "Umenikimbia mimi, ukaikalia hiyo."

24 Aprili

Tumekwenda kwa daktari, wote wawili. Mke wangu ndiye aliyeeleza, kwa mikono na kwa miguu, akazungusha pedeli hewani. Daktari alivua miwani.

"Baba, kwa siku unakaa juu yake muda gani?"

"Tangu asubuhi mpaka giza, isipokuwa kula. Msimu huu."

"Na siku ya kutoa damu?"

"Nilishuka nikaja."

Akasema hawezi kuapa kwamba ndiyo sababu. Wengine hupanda baiskeli na namba haitikisiki. Lakini hawezi kumpeleka mtu kuchomwa sindano kwenye tezi kabla ya kujua. Tarehe ya hospitali kubwa tuiache palepale, lakini kabla yake nishuke kwenye kile kiti, kabisa, mwezi mzima, na nipime tena. "Ikibaki juu, utakwenda, na tutakwenda bila kujidanganya. Ikishuka, tutazungumza."

Nikamwambia msimu haujaisha. Majembe yakiisha, bado kuna mapanga ya kufyekea. Nikishuka, wateja watahamia kwa yule wa stendi.

"Atashuka," akasema mke wangu.

27 Aprili

Amerudi nyumbani. Analala chumbani, mimi sebuleni, na safari hii ni yeye aliyepanga. "Nimerudi kwa ajili ya kipimo," amesema. "Tusichanganye mambo."

Na leo asubuhi amevaa suruali yangu ndani ya gauni, akanitangulia kazini, akapanda mashine. Yeye anazungusha, mimi nimesimama mbele ya jiwe nashika chuma. Mwanzo tulikuwa tunapishana, yeye anakwenda kasi mimi sijajiandaa, panga la mtu nikalitia pengo. Mchana tukapatana. Soko zima lilikuja kutazama. Gundi amepandisha bei ya kukalia benchi lake, kwa utani, na wawili wamelipa.

Wanawake wake wa kusuka nao wamemfuata huko. Anapumzika kwenye mashine, anasuka kichwa kimoja kibarazani, anapanda tena.

8 Mei

Jioni alishuka, akasimama ameshika kiuno. "Makalio yangu yako wapi?" akamwuliza Gundi. Nilicheka, akacheka, halafu akakumbuka kwamba ananikasirikia.

15 Mei

Mvua zinachoka. Niliamka nikasikia kimya juu ya bati, nikaogopa.

Nimemwuliza mke wangu leo, ikiwa namba itabaki juu, atafanyaje. Akasema, "Nitamwaga huo mfuko. Nilimwagia baba. Kilichoniua kwa baba si mfuko. Ni kwamba alificha mpaka ikawa hakuna la kufanya." Nimeishi naye miaka yote hii na sikuwahi kuyaelewa yale maneno ya makaburini.

24 Mei

Damu imetolewa.

29 Mei

Nne nukta sita.

Niandike vizuri, maana furaha nayo inaweza kumpumbaza mtu. Imeshuka sana, lakini haijarudi chini ya nne. Daktari amesema, kwa tezi iliyokua na kwa umri wangu, na ilivyo laini, haoni sababu ya kuchukua vinyama sasa. Ameifuta ile tarehe. Nitapima kila baada ya miezi sita, nikiwa nimeshuka kwenye mashine kwanza. Ikianza kupanda, tutarudi kwenye ile njia. "Sikuambii huna kabisa," amesema. "Nakuambia sioni dalili ya kukimbilia." Mke wangu akauliza maswali yote ambayo mimi sikuwahi kuyauliza, hata la mkojo, hata la kitandani, na daktari akayajibu moja baada ya jingine. La kitandani amesema hakuna kizuizi isipokuwa zile siku mbili. Nilimtazama mke wangu. Yeye alimtazama daktari.

Sasa hili la mwisho, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Tulipotoka tulipita dirisha la mapokezi. Binti wa pale akamwona mke wangu akatabasamu. "Mama, mbona mapema? Wewe tarehe yako ya kurudia bado, mpaka Julai."

Mke wangu alisimama. Nilisimama nyuma yake.

"Kurudia nini?" nikauliza.

Binti akagundua kosa lake, akainamia makaratasi. Mke wangu akaenda kukaa kwenye benchi la ukutani, na mimi nikakaa.

"Mwezi wa nne," akasema, "ile siku uliyoniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa hapa. Nilidhani umeniletea ugonjwa. Nikapima virusi, nikapima na vingine vyote. Nilikaa hapa hapa, na kila mlango ukifunguka nasema ni mimi."

"Majibu?"

"Safi. Lakini wakasema kama mume ana mwanamke nje, nirudi baada ya miezi mitatu, ndipo uhakika."

Muda ule wote nilijiona mtu pekee duniani anayesubiri damu yake iseme, na mwenzangu alikuwa anasubiri ya kwake chumba cha pili, na aliyempeleka huko ni mimi.

"Sasa unajua hakukuwa na mwanamke," nikasema. "Hakuna haja ya Julai."

"Najua ulivyoniambia."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba wake, leso tu.

"Utarudi, basi?"

"Nitarudi."

Nikamwuliza kama naweza kwenda naye. Alijifuta, akakunja leso, akairudisha mkobani, akafunga zipu. Akasema nikitaka kuja nije, lakini nisije nikamwambia kaa wakati ameshakaa. Nimeandika tarehe yake kwenye jalada la daftari. Nitafunga kazi siku hiyo.